Zamu Yangu ya Kufagia Uwanja

Zuhura,

Shuleni tulifundishwa kwamba barua ya kirafiki huanza kwa kumuuliza mwenzako hali yake. Nimeiandika sentensi hiyo, nikaikata, nikaiandika tena, nikaikata. Basi nianze na sisi tuliobaki. Hatujambo kidogo. Mama yako anakula sasa. Mdogo wako Mwajuma amerefuka, lile gauni lako la Idi linamkaa. Mimi ni yuleyule Bubu wako, naogopa kuitwa jina darasani hata kama jibu ninalo.

Leo ni Ijumaa, mchana. Wanaume wako msikitini, mama yangu amekwenda mashineni kusaga, na mimi nimekalia kile kigoda ulichokuwa ukinigombania kila ukija. Kesho watu wa chuo, wale wanaotufundisha mpira, wanakuja. Wanakuja kwa ajili yako. Bonanza zima wamelipa jina lako. Kocha Anitha ametuma picha ya fulana kwenye simu ya mjomba. Ni nyeupe, jina lako lipo kifuani kwa herufi za kijani, na mgongoni zote zina namba moja, namba ya kipa. Kila atakayecheza kesho atavaa namba yako. Wenzetu walishangilia. Mimi nilimrudishia mjomba simu yake. Watoto wote wale, na kila mmoja ana mgongo wako.

Kuna jambo nimelibeba na sina mwingine wa kumwambia. Wamerudi.

Tembo wamerudi, Zuhura. Hawaji mtoni. Wanakuja uwanjani.

Nyayo nilianza kuziona mvua za vuli zilipokatika. Mara ya kwanza zilikuwa pembeni kabisa, kwenye kona ya korongo, chache, nikajiambia ni za zamani. Baada ya hapo zikawa kwenye mstari wa chokaa. Sasa zinakatisha katikati ya uwanja moja kwa moja mpaka nyuma ya goli lako, na pale zinazunguka, zimekanyagana, huwezi kujua ni tembo mmoja au wanne. Asubuhi unakuta kinyesi bado kinatoa mvuke. Ukikipasua kwa kijiti unaona nyuzi za miwa.

Unajua tunafanya nini? Tunafagia. Kila asubuhi kabla ya shule, wawili wawili, kwa zamu, kama tunavyofagia mbele ya ofisi ya walimu. Unakata matawi, unafagia kuanzia goli la huku, unafuta nyayo, unazoa kinyesi kwenye karai unakwenda kukimwaga korongoni, kisha unapitisha tawi tena taratibu ili mchanga uwe na mistari mizuri. Hakuna aliyetuita kikao akatuambia tufiche. Mjomba alisema tu kwamba wageni wapo njiani, uwanja uwe msafi. Watoto wadogo wanadhani kweli ni usafi. Juzi Mwajuma alisimama ndani ya unyayo mmoja, miguu yake yote miwili ikaenea na nafasi ikabaki. Akacheka, akaniambia, "Dada Agnesi, ona, nipo ndani ya sinia." Nikamvuta mkono kwa nguvu mpaka akataka kulia.

Kesho zamu ni yangu na yake.

Nakumbuka siku walipokuja mara ya kwanza. Ilikuwa likizo yao ndefu, mahindi yameshavunwa, gari la chuo likaingia na mipira kwenye neti kama vitunguu. Wewe ulikuwa wa kwanza kusogea, mimi nilikuwa nyuma yako nimeshika ncha ya khanga yako. Kuna yule kijana mrefu aliyetuchekesha, kwamba alipomwambia mama yake anakwenda Ulaya kwa mafunzo ya vitendo, mama alidhani ni Ulaya ya wazungu, si Ulaya yetu hii, akamnunulia koti zito. Wote wanaopangiwa huku kwetu wana kichekesho hicho, lakini yeye koti alikuja nalo kweli. Ukamwomba ulivae, ukazunguka nalo kijiji kizima juani.

Ulisema, "Wao wanapata maksi, sisi tunapata mpira. Ngoma droo." Kwa kweli tulipata zaidi ya mpira. Sheria yao ilikuwa kwamba huchezi kama shule huendi, na kabla ya mazoezi mnakaa kwanza kwenye kile kibanda mnapiga hesabu na Kiingereza. Ndiyo maana hukupelekwa Dar kufanya kazi za ndani. Kocha Anitha alikuja kwenu na mhadhiri wake, wakakaa mkekani na baba yako mpaka uji ukapoa, na baba yako akasema sawa, amalize shule kwanza. Ulikuja mbio kunisimulia. Hata mimi, niliyetoka shule ya Kiingereza kule Mikumi baba alipokosa kazi hotelini, niliyekuwa nachekwa kwa kutamka maneno kama redio, pale kibandani nilikuwa na faida. Nilikusomea, ukaelewa. Wewe ulinifundisha kuita mpira kwa sauti. "Sema yangu! Bubu, sema yangu, usipige makofi!" Sikuwahi kusema kwa sauti ya kutosha. Ila nilikuwa nasema.

Na ile siku wazazi wa ng'ambo ya korongo, wafugaji, walipokuja kumwangalia binti yao akicheza, wakakaa mstari mmoja na wazazi wetu, wale waliokuwa hawasalimiani tangu ng'ombe waingie kwenye mpunga. Binti yao akafunga, na baba yako akasimama akapiga makofi kabla hajakumbuka ni mtoto wa nani. Hayo yote ni kweli. Nayaandika ili usidhani nimewachukia watu wa chuo.

Lakini kuna hili. Walipoomba kiwanja, kijiji kiliwapa ule uwanda wa kando ya korongo. Tambarare, hauna visiki, haulimwi. Hakuna aliyeulizwa kwa nini haulimwi. Watu wazima wote walijua. Pale ndipo tembo wanapopita wakitoka hifadhini, na ukipanda chochote unawapandia wao. Kuna mtu alinong'ona kwenye mkutano, na mjomba wangu, unamjua mwenyekiti wetu kwa utani, akajibu, "Jamani, tembo hawali mpira." Kila mtu akacheka. Mimi pia nilicheka. Lilikuwa jibu zuri.

Na mpira kweli hawakuula.

Zuhura, hapa ndipo nilipokwama siku nyingi na barua hii. Sijui kama uliwahi kujua. Natamani hukujua.

Ni yale makapi.

Ardhi ya golini ilikuwa ngumu kama saruji, ukijirusha unachunika kiwiko na nyonga. Wakati huo kila anayekuja kuangalia mazoezi anakuja na muwa wake kutoka bustani za bondeni, wanatafuna mstari mzima, wanatema, uwanja unanuka utamu. Ni wewe uliyesema tuyakusanye. Ukawafanya watoto wazunguke na ndoo, makapi, maganda, vipande vya mwisho vyenye mafundo ambavyo meno yanashindwa, vyote vikamwagwa nyuma ya goli, ukachanganya na nyasi kavu, likawa godoro. Ukajifunza kuruka pale. Unapaa, unatua, unainuka una makapi kwenye nywele, unacheka. Kocha Anitha aliduwaa. Akapiga picha, mhadhiri akaja kupiga picha, na tukaambiwa kwamba picha hiyo imeoneshwa chuoni mbele ya watu, kwamba jamii yenyewe imebuni kifaa cha mazoezi kwa vitu ilivyonavyo. Ulitembea wiki nzima ukijiita mhandisi.

Mvua ikinyesha, lile godoro lilichacha. Harufu ilikuwa inafika mpaka kwenye nyumba za mwisho. Sisi tulikuwa tunasema ni harufu ya mazoezi.

Siku ile jua lilikuwa bado juu ya milima. Ulirudi kuchukua glovu ulizozianika juu ya godoro lako. Mimi nilikusubiri njiani nimeshika viatu vyako. Nilisikia majani, kama mtu anaburuta kitu kizito. Watu wanadhani tembo huja kwa kelele. Sikusikia hata sauti yako.

Yaliyofuata huyajui, kwa hiyo nitakwambia. Wanaume walikuja na mapanga na madebe. Tembo alishaondoka. Mjomba alivua shati lake akakufunika. Alilia, Zuhura, nilimwona, mabega yalikuwa yanaruka. Kisha akafuta uso akazungumza na wenzake kwa sauti ya chini, na wakakubeba. Hawakukupeleka nyumbani. Walikupeleka mtoni, kule tunakochota maji, wakaweka ndoo karibu yako. Askari wa wanyamapori walipofika walikukuta huko. Watu wa chuo walipokuja msibani waliambiwa ulikuwa umekwenda kuchota maji.

Nilikuwa nimesimama palepale na viatu vyako. Mjomba alinijia, akainama mpaka macho yetu yakawa sawa. Hakuwa mkali. Aliniwekea mkono kichwani akasema, "Wewe si ndiye Bubu? Endelea hivyohivyo, mwanangu."

Nikaitikia kwa kichwa. Ni rahisi sana kwangu kunyamaza, hakuna aliyeona tofauti.

Ninajua kwa nini walifanya. Siku ya ufunguzi yule mama mhadhiri alisema mbele ya wote kwamba usalama wa watoto ni wa kwanza, na siku watakapoona mahali si salama watafungasha waende kata nyingine. Alisema kwa upole, lakini kijiji kilisikia neno moja tu, kufungasha. Sasa hivi mama yangu anauza uji pale uwanjani. Kaka zetu watatu wamepata mafunzo ya uamuzi na wanaitwa mpaka Kilosa mjini kuchezesha mechi. Kuna wasichana wa rika letu ambao wapo shuleni kwa sababu ya mpira huo tu. Kila mtu ana kitu chake pale, na kila mtu amekikalia kimya.

Hata mama yako. Nilikwenda kwake baada ya arobaini yako, nimejipanga maneno njia nzima. Nilisema shikamoo, akaitikia marahaba, akanipa kisamvu nile, nikala. Mwisho nikasema nyayo zimeanza kuonekana. Aliendelea kuchambua mchele. Halafu akasema, "Mwanangu aliupenda ule uwanja. Wakiufunga, atakuwa amekufa kwa kitu ambacho hakipo tena."   Niliosha sahani nikaondoka.

Godoro lako walilichoma siku ya mazishi. Moto wake ulinukia kama peremende, watu wakawa wanageuza nyuso. Mimi nikadhani yamekwisha. Lakini Kocha Anitha alipopiga simu kupanga bonanza aliuliza kama lile godoro la Zuhura bado lipo, kwamba mhadhiri anakuja na wageni wawili wa chuo cha nchi nyingine wanaofanya nao kazi, na wote wameiona picha, wangependa kuliona lenyewe na kuona kipa mpya akilitumia. Mjomba akajibu lipo. Jioni hiyo ndoo zikaanza kuzunguka tena. Safari hii ni kubwa kuliko la kwako, kijiji kizima kimetafuna. Limefika kifuani kwangu.

Na kipa mpya ni Mwajuma.

Nilitaka usikie kwangu na si kwa mwingine. Glovu zako zinamzidi, anazifunga kwa kamba ya kiatu. Hajui kupanga mabeki, anatuita wote "wewe". Lakini anaruka, Zuhura. Anaruka kama wewe, anafumba macho kabla ya kutua. Baada ya mazoezi hataki kuondoka pale, analala chali kwenye makapi anaangalia mawingu mpaka mama yako aite. Anasema panamnukia wewe. Mimi nakaa karibu najifanya nafunga viatu, na macho yangu yapo kwenye korongo. Sasa nakijua kila kichaka pale. Jana jioni kichaka kimoja nilikikuta kimelala, na asubuhi ya siku hiyohiyo kilikuwa kimesimama.

Leo asubuhi tulifanya mazoezi ya mapokezi. Mimi ndiye nitakayetafsiri hotuba ya mjomba kwa wale wageni. Eti Bubu atatafsiri. Ungecheka mpaka ukae chini. Mjomba anasoma mstari kwa Kiswahili, mimi nauweka kwa Kiingereza, yeye anangoja. Ilikwenda vizuri, nilikuwa natazama kifungo cha shati lake kama ulivyonifundisha, nisitazame macho ya mtu. Karibuni, tunawashukuru, watoto wetu wamerudi shuleni, haya yote nilisema. Halafu akasoma, "Uwanja wetu ni salama." Kwa Kiingereza ni maneno manne tu, hata Mwajuma angeyaweza. Nilifungua mdomo. Nilisikia kuku. Nilisikia mtu anakohoa nyuma. Mjomba akarudia. Wenzetu wakaanza kucheka, mmoja akasema bubu amerudi kazini. Mjomba hakucheka. Nilipoinua macho kwa bahati mbaya niliona kwamba naye anaogopa. Akasema, "Kesho utayasema. Ukiyasema haraka hayaumi."

Nimejaribu hapa nyumbani. Nimejaribu haraka. Yanauma hivyohivyo.

Nimefikiria kumwambia Kocha Anitha pembeni. Najijua. Nitamkuta kazungukwa na watu, nitasema shikamoo mara mbili, atanipa fulana, nitashukuru. Nimefikiria kulichoma godoro, lakini litajazwa tena, miwa ipo. Na simchukii mtu, hilo ndilo linalonichosha. Ningemchukia mjomba ingekuwa rahisi. Ningeona chuo wametudanganya ingekuwa rahisi pia. Wamekuja kwa nia njema na sisi tukawapa mahali ambapo hatupandi hata choroko. Wanatuamini tukisema, nasi tunasema.

Labda wakijua watafungasha kweli. Mama yangu atakosa pa kuuzia uji, na wale wasichana watarudi nyumbani, na watu watanionesha kidole nikipita. Labda watasema uwanja uhamie kule juu karibu na shule, kwenye ule mteremko, tucheze goli moja likiwa chini na jingine juu. Sijui. Wamesoma, wanaweza kufikiria kitu, lakini hawawezi kufikiria ambacho tumekifagia.

Kwa hiyo nimeamua, na wewe ndiye wa kwanza kuambiwa.

Kesho nitamwacha Mwajuma alale. Nitapita dirishani kwenu nimwambie mama yako kwamba nitafagia peke yangu, na glovu nitazichukua mimi. Matawi nitayakata, nitayabeba begani ili wanaochota maji wanione nakwenda kazini. Nikifika nitayaweka chini.

Sitafagia. Nitaacha nyayo zote, kuanzia korongo mpaka golini, na kinyesi, na pale waliposimama wakala. Kama usiku hawatakuja, za jana bado zipo chini ya mistari ya ufagio, najua ni wapi, nitazifunua kwa mikono. Kisha nitatafuta ule mkubwa kuliko wote, ulio karibu na godoro, mahali pako hasa, niingie ndani yake nisimame nikisubiri gari lao. Wakigawa fulana, nitaivaa namba yako palepale nilipo. Mjomba ataniita nitoke, nitasema shikamoo, sitatoka. Hotuba ikifika kwenye yale maneno manne sitahitaji kuyatafsiri. Watatazama miguu yangu.

Naogopa sana. Nimeandika hivyo ili mmoja wetu ajue.

Sasa nasikia mama yangu anasalimiana na watu pale nje, unga umesagwa, lazima niwashe moto. Upepo umegeuka, unatoka upande wa uwanja, na jikoni kwetu kote kunanuka utamu.

Pumzika, Zuhura. Usimngoje Mwajuma. Nakuahidi, huyu hatakuja kwako kwa njia ile.

Wako,
Agnesi

Viatu vyako bado ninavyo. Nilishindwa kumpa mtu.